Mwone Kama Mwanao

Tarehe 9 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana nakujua, ukiisoma umesimama utaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimefumuliwa. Mgongo unaendeleaje? Wadogo zangu hawajambo? Mimi ni mzima kabisa, nakula, nalala, na mashavu yameanza kurudi.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu ilizama kwenye beseni la sabuni siku ya tatu tu. Mama wa huku ameahidi kuninunulia nyingine. Nitakuwa namwita hivyo, Mama wa huku, nisije nikawachanganya. Kwa sasa ukitaka kunisalimia pitia kwenye simu yake.

Mama, huyu mwanamke ana utu! Alikuja mwenyewe kunipokea, akanikumbatia mbele za watu hadi nikaona haya. Pale uwanja wa ndege nilijibu kama alivyonifundisha: nimekuja kukaa na mama yangu mdogo. Askari akagonga muhuri bila kuniangalia mara mbili. Kwa hiyo hongera, umepata mdogo wako ukubwani, tena mwenye gari.

Kazi yenyewe ni ya udobi, lakini si ule wa beseni na kamba. Ni banda refu limejaa mashine, tunafua mashuka na taulo za hoteli. Mimi nimewekwa kwenye mashine ya kunyooshea. Ina vyuma viwili vinene vya mviringo, vya moto, vinazunguka vimegusana. Unashika shuka bichi kwa pembe mbili, unalilisha pale katikati, linatokea upande wa pili limenyooka na limekauka. Tuko watatu, wote tumetoka kwetu. Mmoja ni dada mtu mzima tunamwita Kimya, kwa sababu anaweza kufika jioni hajasema neno, na ukimwuliza kitu anakujibu kwa nyusi. Mwingine ni msichana wa rika langu, huyo anaongea mpaka na taulo.

Hapa hatuitwi kwa majina. Ni "mwanangu" asubuhi, "mwanangu" mchana, na sisi tunamwita Mama. Wateja wakija anawaambia, "Hawa ni wanangu." Nilipomgusia habari ya mkataba alicheka mpaka akashika mbavu: "Mkataba na mwanangu?" Nikacheka na mimi.

Wasalimie wote wanaokuja kusuka, hasa yule anayelia kabla hujamgusa.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako


Tarehe 1 Machi

Kifungua mimba wangu,

Marahaba, marahaba tena. Sisi huku hatujambo, mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Barua yako niliisoma nimesimama, na mwalimu wa chekechea akaenda kufundisha na mistari mitatu kichwani. Usinicheke, hata yeye amekusamehe.

Niliposoma kwamba anakuita mwanangu, machozi yalinitoka bila kuniaga. Wewe hujui nilivyokuwa nawaza. Mimi kabla ya kukuzaa nilifanya kazi kwenye nyumba za watu. Najua mfanyakazi anavyoitwa, anaitwa "wee". Najua kikombe chake kinakaa wapi, na akiumwa anaambiwa nini. Ndiyo sababu siku uliponiambia unakwenda kufanya kazi kwa mtu, nilikubali mdomoni tu.

Basi nikasafisha koo, nikawanyamazisha wateja wote, nikamtumia salamu za sauti. Nimemwambia hivi: "Mama mwenzangu, ahsante kwa moyo wako. Mtoto nimekukabidhi. Usimwone kama mfanyakazi, mwone kama mwanao. Kazi atafanya, kama anavyofanya kwao. Akikosea mchape, ni wako." Wateja wakanipigia makofi. Fundi viatu wa jirani akasema nimeongea kama mshenga, na yeye ameshaoa mara tatu, anawajua washenga.

Naye kanijibu kwa sauti tamu hiyo! Ameniita dada. Amesema nisiwe na wasiwasi, atafanya kama nilivyoomba.

Sasa na wewe usiniangushe. Amka kabla yake, usimpe kitu kwa mkono wa kushoto, na huyo Kimya mheshimu, watu wasioongea huwa wanaona mengi.

Mimi mama yako


Tarehe 20 Juni

Mama,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Mgongo je? Mimi sijambo kidogo.

Sijaandika muda mrefu kwa sababu nilikuwa nasubiri kuwa na jambo zuri la kuandika. Sasa nimeona nikisubiri hilo tutasahauliana.

Mama, tangu nije sijalipwa. Mwanzo nilidhani ndiyo utaratibu, kwamba unafanya kazi kwanza ndipo unahesabiwa. Mwezi uliopita nikamwuliza, kwa adabu, nimepiga goti kabisa. Akawageukia wenzangu akasema, "Jamani, mmesikia? Mtoto anamdai mama yake!" Wakacheka, yaani alicheka yeye na yule mwongeaji. Kimya aliendelea kukunja taulo. Halafu akaniambia, "Unakula kwangu, unalala kwangu, sabuni yangu, maji yangu. Mama yako alinipa mtoto, hakunipa kibarua."

Pasipoti yangu anayo yeye, anasema watoto hupoteza vitu. Simu bado. Tunaanza kazi kabla jua halijatoka na tunamaliza mashuka yakimalizika, na mashuka, Mama, hayamaliziki. Siku nikisema nimechoka anasema, "Kwenu hukuwa unamsaidia mama yako?"

Na mimi najibu nini hapo? Kweli nilikuwa nakusaidia.

Niambie niseme nini. Wewe ndiye unayejua maneno.

Mwanao


Tarehe 14 Julai

Kwako mwanangu,

Marahaba. Sisi tu wazima, ila wewe umenitia homa.

Barua yako ilikuja nyuma. Mama wa huko alishanipigia mwenyewe, tena analia. Kasema umembadilikia, umeanza kumhesabia, umemwaibisha mbele ya wenzako. Nilikosa pa kuweka uso. Mtu kakutoa huku, kakuvusha mipaka kwa jina lake, anakulisha, na wewe ndani ya miezi mitano tu unamwuliza hesabu? Ulimwona wapi mtoto anapeleka hesabu kwa mama?

Najua umechoka. Kazi inachosha, hata mimi vidole vyangu havifungi ngumi. Lakini ukikaa kwa adabu mtu mwenyewe ataona haya akupe. Ukidai, unakuwa mfanyakazi, na mfanyakazi anafukuzwa. Mtoto hafukuzwi. Hilo nilikutengenezea kwa maneno yangu mwenyewe, usilibomoe.

Mwombe radhi. Nimeshamwambia utamwomba.

Mama yako


Tarehe 2 Desemba

Mama,

Shikamoo. Najua ni miezi na miezi. Nilikukasirikia, sitaki kudanganya. Nilimwomba radhi kama ulivyosema, halafu nikaapa sikuandikii tena mpaka uniulize mwenyewe nina hali gani.

Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto. Kaa chini kwanza.

Mkono wa kulia uliingia kwenye mashine. Ilikuwa siku ya mashuka ya hoteli mbili, na shuka moja lilikuwa na pindo lililochanika. Uzi ukanizunguka kidole, shuka likaenda na mimi nikaenda nalo. Kuna kitufe chekundu cha kuizima lakini kilikuwa kimefungwa kwa gundi ya karatasi, kwa sababu tulikuwa tunakigusa kwa bahati mbaya na kazi inasimama. Kimya ndiye aliyechomoa waya ukutani. Mama, sikusikia maumivu mara moja. Nilisikia harufu, nikajiuliza nani anaunguza shuka.

Nina vidole viwili vinavyofanya kazi. Kidole gumba kipo, mshukuru Mungu na mimi.

Hospitalini Mama wa huku alimwambia daktari nilikuwa napiga pasi gauni langu nyumbani. Mimi nipo pale, nimelala, nasikia, maana maneno yao ya pasi na nguo nimeshayajua. Muuguzi mmoja akausoma ule mkono, akausoma uso wangu. Mama wa huku alipotoka kupokea simu, yule muuguzi akaniuliza kwa ishara, unafanya kazi? Nikaitikia kwa kichwa. Akaniandikia anwani ya ofisi ya kazi nyuma ya bahasha ya dawa. Nilipopata nguvu nilikwenda, na hiyo siku ndiyo niliondoka kule bandani. Nalala kwenye nyumba ya hifadhi ya wanawake, vitanda sita chumba kimoja, watu wema.

Huko ofisini walinipa wakili wa bure. Mwanamama mwembamba, anatembea kama anakimbizwa, na lugha yetu anaiongea kwa kuvunjavunja. Akasema jambo langu ni jepesi: mashine ni yake, kazi ni yake, mkono umeumia kazini, lazima atibu na alipe. Mama, nilitoka pale natembea juu juu.

Juzi ndiyo tukaitwa mbele ya afisa. Meza ndefu, feni inapiga kelele, afisa ana mafua anapenga kila mara. Mkalimani ni kijana wa kwetu, amevaa tai ya mtu mnene. Mama wa huku kaja na wakili wake, kajifunga kilemba cheupe. Akasema, "Sikuajiri mtu. Huyu ni mwanangu. Alikuwa ananisaidia kama watoto wanavyosaidia nyumbani." Sheria yao ina kifungu: biashara ya familia, mtu wa familia anayesaidia si mfanyakazi. Hana mshahara, hana fidia, ofisi ya kazi haimhusu.

Wakamwita Kimya. Afisa akamwonyesha Mama wa huku, akamwuliza, "Huyu ni nani kwako?" Akajibu, "Mama." Hilo tu. Akainamisha kichwa akatoka.

Kisha wakili wao akaweka simu katikati ya meza, akapandisha sauti.

Mama, nikasikia sauti yako.

Nilikuwa sijaisikia tangu niondoke. Ile namna unavyosafisha koo! Na nyuma yako watu wananong'ona, na mtu anaburuta kiti. Nikatabasamu. Sikujizuia, uso ulifunguka wenyewe, nikasahau mkono, nikasahau nipo wapi. Na afisa akaniona natabasamu.

Mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Nimekukabidhi. Usimwone kama mfanyakazi. Mwone kama mwanao. Kazi atafanya kama anavyofanya kwao. Akikosea mchape. Afisa akaandika. Akaniuliza, "Unaitambua sauti hii?" Nikasema ni ya mama yangu. "Mama yako yupi?" akauliza. Mama, nilishindwa hata kuelewa swali.

Wakili wangu alikuwa amekunja uso, ananiangalia kana kwamba nimemficha kitu. Nilimwambia hiyo ni salamu tu! Kwetu kila mtu anasema hivyo! Akasema, "Kwenye faili haikuandikwa salamu."

Tumepewa siku nyingine mwezi ujao. Sijui nikuombe nini. Nimekasirika na nimekukumbuka, yote kwa pamoja.

Mwanao


Tarehe 19 Desemba

Mwanangu, mwanangu wa tumbo langu,

Pole. Pole. Pole mama yangu.

Nilikuwa na mteja. Nimekaa chini palepale kwenye nywele za watu, na mteja akanishika mabega akidhani nimeanguka. Fundi viatu akaja na maji. Nikamwambia mkono wa mwanangu umeunguzwa na nimeusokomeza mimi kwa mdomo wangu. Akaniuliza nasema nini. Nikamwonyesha barua yako.

Sauti yangu! Ile sauti niliyopigiwa makofi! Imewekwa mezani inasema mwanangu apigwe? Mimi nilisema mchape kama watu wanavyosema! Hata mganga wa meno namwambia mtazame kama mwanao. Hata kondakta. Nani alimwambia aitunze sauti ya mtu miezi yote hiyo? Yule mwanamke alikuwa anaiweka ya nini kama hakuwa na lake jambo?

Na nilikuandikia umwombe radhi. Vidole vyako vilikuwa vizima siku ile.

Nipe namba ya hiyo ofisi. Nipe saa. Siombi, nakuambia. Maneno ni yangu, nitakuja kuyachukua mwenyewe. Mwambie huyo wakili wako mwembamba anipigie, na mkalimani mwambie akae vizuri, maana sitasema polepole.

Utie mafuta mkono wako. Kula. Mpe yule muuguzi salamu zangu, mwambie, hapana, usimwambie chochote, mimi na salamu zangu tumekoma. Mshukuru tu.

Mama yako mzazi


Tarehe 26 Januari

Mama,

Shikamoo. Umeshapona sauti? Wakili alisema simu ilipokatika ulikuwa umekauka.

Ulisikia ya kwako, lakini hukuona ya chumbani, wacha nikueleze. Kwanza, ulipoanza kwa kumtukana yule mwanamke, mkalimani alimeza. Afisa akamwuliza amesema nini, akajibu, "Anasalimia."

Halafu afisa akakuuliza ulimaanisha nini kusema usimwone kama mfanyakazi. Ukasema ulimaanisha asiteswe. Akauliza, "Kwani huko kwenu mfanyakazi ni mtu wa kuteswa?" Nikasikia unasafisha koo. Kisha ukasema, "Ndiyo. Ndiyo maana nikaomba asiwe." Wakili wangu aliweka kalamu chini.

Akakuuliza, "Huyu mama ni mdogo wako?" Ukajibu, "Mimi sina mdogo. Huyo mwanamke sijawahi kumwona hata kwenye picha." Nikaona Mama wa huku anarekebisha kilemba.

Lakini kilichotuokoa ni kijana mwenye tai. Afisa alikuwa na maswali kwa yule mwanamke, naye akajidai lugha yao inampita, na kila swali mkalimani anaanza, "Mama, unaulizwa..." "Mama, anasema..." Afisa neno hilo ameshalijua, limesemwa pale mara ngapi! Akamsimamisha. "Na wewe ni mtoto wake?" Kijana akashtuka. "Hapana, mheshimiwa." "Mbona unamwita mama?" "Ni mtu mzima, mheshimiwa. Siwezi kumwita vinginevyo." "Na huyu wakili hapa ungemwitaje?" "Mama." "Na mwenye kupika chai huko nje?" Akajibu kwa aibu, "Naye mama." Afisa akacheka mpaka mafua yakamzidi. Akaandika muda mrefu.

Akasema mimi ni mfanyakazi. Alisema hivyo, kwa kinywa chake. Nina haki ya mshahara wa kazi niliyoifanya, ya kutibiwa na ya fidia ya mkono. Nililia, wakili akanipa leso.

Sasa ndiyo sehemu yenyewe, Mama. Shika kitu.

Tulipotoka nje wakili hakufurahi nilivyofurahi mimi. Akanikalisha kwenye ngazi. Akasema, nilipoingia nchi hii niliandikishwa kama mtu wa familia, mtoto wa dada. Mtu wa familia anaruhusiwa kukaa, haruhusiwi kuajiriwa. Leo imethibitika mbele ya afisa kwamba mimi si wa familia na kwamba nilifanya kazi. Kwa hiyo kila siku niliyosimama kwenye ile mashine nilikuwa nafanya kazi bila kibali, na nimekaa humu kwa jina la uongo. Ofisi ya kazi haishughulikii hayo, lakini faili likisainiwa litapita kwa watu wa uhamiaji.

Niliuliza mara mbili nikidhani sijaelewa. Nikiwa mtoto, nakaa, sina haki. Nikiwa mfanyakazi, nina haki, sina ruhusa ya kuwa mfanyakazi. "Ndiyo," akasema. "Ndivyo ilivyo."

Maneno ya uongo na ya kweli, Mama, yote yamenifunga, na yote yamepita mdomoni mwetu wenyewe. Wewe uliposema huna mdogo, ulisema kweli, na afisa aliandika.

Wakili anasema ninaweza kuifuta kesi kabla ya kusaini. Mama wa huku ameshatuma ujumbe kwamba nikirudi atanikatia upya karatasi za kukaa. Nikisaini, wakili ataomba niachwe mpaka jambo la fidia liishe, lakini hana uhakika. Wanaweza kunirudisha na mkono huu hivi ulivyo, bila matibabu. Nina wiki chache. Huko ofisini wanasubiri jibu langu.

Nimechoka kuamua peke yangu. Sema.

Mwanao


Tarehe 8 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nilimsomea fundi viatu, akaniambia nimekosea kusoma. Nikampa asome mwenyewe. Akaisoma mara mbili, akanirudishia, akaenda kuendelea na viatu vyake.

Nilitaka kukuandikia rudi nyumbani. Kalamu ilishafika kwenye karatasi. Ndipo simu ikaita, na nani? Mdogo wangu wa ukubwani. Sauti ileile tamu. "Dada, mambo ya familia tuyamalize kifamilia. Hawa watu wa maofisi si wenzetu. Mwambie mwanetu aifute kesi, arudi nyumbani kwake, mimi karatasi zake nitazishughulikia. Hata mkono nitautibu. Wewe ni mama, mimi ni mama mwenzako, tunaelewana."

Nilikuwa na mteja mapajani, nimeshika kichana. Mwaka jana neno hilo lingenifanya nimpelekee kuku. Nikamwambia, "Sikiliza wewe bibi. Mimi si mama mwenzako. Mimi ni mama wa mfanyakazi wako." Akasema, "Dada, unasemaje?" Nikarudia, polepole, arekodi vizuri. Nikakata.

Mteja akanitazama, akaniambia tuendelee kesho. Unajua maisha yangu yote hilo neno nilikuwa nalikimbia? Nilikuwa naona ni aibu uitwe hivyo. Nimekutafutia jina zuri zaidi, na jina hilo zuri likakunyima mpaka dawa.

Swali lako najibu bila kuzunguka. Saini. Wakikurudisha, kitanda chako kipo, na mikono yangu hii itakusukia nywele mpaka uzeeke. Naogopa, usidhani siogopi. Lakini usirudi kule kuwa mtoto wa mtu.

Saini, halafu uniandikie.

Mama yako, wa pekee


Tarehe 3 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hamjambo? Mgongo, na fundi viatu, na yule anayelia? Mimi mzima. Nimejifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto, na mwandiko, unaona mwenyewe, umeanza kuwa na adabu.

Nilisaini. Kwenye karatasi pana mahali pameandikwa mimi ni nani, na pale pameandikwa mfanyakazi. Nililitazama neno hilo mpaka karani akaniuliza kama kuna kosa.

Watu wa uhamiaji waliniita baada ya wiki moja. Sikulala rumande, wakili alipigana. Wamenipa ruhusa ya kukaa mpaka fidia ya mkono iamuliwe. Daktari ameanza kuunyoosha, anasema kidole cha tatu huenda kikarudi. Baada ya hapo hatujui, huenda nikarudishwa, huenda la, wakili ameshaandika maombi niachwe. Na wakati wote huu siruhusiwi kufanya kazi yoyote, hata kufagia kwa malipo. Nimeipata haki ya mfanyakazi na kazi yenyewe nimekatazwa. Nilimwambia wakili hiyo si akili. Akasema ameshawaambia hivyo mara nyingi.

Nakaa kwenye ngazi za nyumba ya hifadhi nawaangalia watu wanakwenda kazini asubuhi. Sikujua mtu anaweza kuwaonea wivu watu waliochelewa.

Jumapili alikuja Kimya. Nilidhani amekosea nyumba. Alikaa kwenye kitanda changu, akaushika mkono wangu akaugeuza huku na huku, na mimi nikamwacha ingawa nilikuwa bado nina kinyongo naye. Halafu akaongea, Mama, akaongea kuliko mwaka mzima. Alisema siku ile mbele ya afisa alitaka kusema jingine, neno halikutoka, mdomo umezoea "Mama".

Akanieleza ya wiki hiyo. Asubuhi yule mwanamke aliingia bandani kama kawaida yake, akapiga makofi. "Haya wanangu, leo ni mashuka ya hoteli mbili." Kitufe chekundu bado kilikuwa na ile gundi. Kimya akatembea mpaka kwenye mashine, akaibandua gundi mbele yake, akaitupa. Kisha akasema, "Sawa, bosi."

Anasema vyuma vilikuwa vinazunguka bila shuka. Yule mwanamke akamwuliza, "Umeniitaje?"

"Bosi."

Akashika meza. Akasema, "Mwanangu, unaumwa?" Kimya akamwambia haumwi, anauliza tu mshahara hulipwa tarehe ngapi. Yule mwanamke akamgeukia yule msichana mwongeaji ambaye siku zote hucheka naye, akamwambia, "Msikie mwenzako!"

Na yule msichana, ambaye anaongea mpaka na taulo, akashindwa kabisa kupata neno. Akatazama chini, akatazama juu, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi naomba kujua, bosi."

Mwanao,
mfanyakazi